Soksi za Mikono za Wachuma Pareto

Bondeni, Nakuru

Mwanangu Jerida,

Tumesalimiana asubuhi, kwa hivyo salamu naziruka. Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa nywele kwa shangazi yako, na najua hatakuachilia mpaka jua lishuke, maana ana mengi ya kukuambia kuhusu sabuni na sanduku na wavulana wa chuoni. Hayo nimemwachia yeye. Mimi nimekaa mezani na kalamu yako na karatasi nilizochomoa katikati ya daftari lako la hesabu. Mwandiko wangu unaujua. Nilisoma mpaka darasa la tatu pale misheni ya nyumbani, na tangu wakati huo sijaandika kitu kirefu kuliko barua ya tanzia. Univumilie.

Jumapili tulipotoka kanisani ulinishika mkono ukaniambia, "Mama, asante. Kama si wewe, yule mzee angenizika kwenye pareto."

Yule mzee ni baba yako. Alikuwa hatua chache tu mbele yetu, kofia mkononi, na nadhani alisikia, kwa sababu alianza kutembea haraka. Niliipokea asante yako, nikaenda nayo mpaka nyumbani, nikapika, nikawapakulia.

Asante ile si yangu, Jerida. Unaondoka kesho kwenda kujifunza ualimu, na sitaki uondoke ukiwa umeibeba. Nitakueleza ilivyokuwa tangu mwanzo, hata yale uliyoyaona kwa macho yako, kwa sababu ulikuwa na miaka kumi na mengine tulikuficha.

Unakumbuka nyumba yetu ya Molo, kwenye shamba la yule Mzungu wa pareto. Baba yako alikuwa hapa Nakuru akiunganisha mabehewa kwenye reli. Alilala landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja na wanaume wengine watano, mahali pasipo nafasi ya mke wala mtoto. Alikuja kwetu mwisho wa mwezi, akakaa siku mbili, akarudi. Siku nyingine zote tulikuwa mimi, wewe, na mdogo wako Musa.

Musa alikufa mwezi wa saba, kwa kifua. Unamkumbuka, lakini hukumbuki usiku wake, maana nilikulaza kwa jirani. Nilikuwa nimemfunika kwa koti kuukuu la baba yako na juu yake magunia mawili, na nje umande ulikuwa umeganda mweupe kwenye majani. Hatukuwa na blanketi la sufu. Pengine angekufa hata kama tungekuwa nalo. Hilo nimejiambia mara nyingi. Baada ya mazishi maziwa yaliendelea kuja siku tisa, na hapakuwa na wa kuyanyonya. Mikono yangu ikaanza kutetemeka. Nilishindwa hata kufunga kanga. Wewe ndiye uliyekuwa ukipika uji, ukinishikia kikombe. Sijawahi kukushukuru kwa hilo, na ndilo hasa lililostahili asante.

Aliyenitoa pale alikuwa Mama Karanja, yule mjane Mkikuyu aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Watu wote walikuja kusema pole wakaenda. Yeye alikuja jioni moja na mfuko wa nyuzi za sufu, akaketi kwenye kigoda, akaanza kufuma. Hakuongea. Nyuzi zile alizitoa kwenye sweta zilizotupwa na memsabu, mke wa yule Mzungu. Alikuwa akizifumua, akiziosha, akizikunja tena. Kesho yake akaja, na kesho kutwa. Siku ya nne au ya tano alinitia ile sindano ya kroshia mkononi, akaushika mkono wangu kwa wake.

"Fanya hivi," akasema. "Mkono ukitetemeka, wacha utetemeke. Uzi hautajali."

Alinifundisha kitu kimoja tu, kile kipande cha mraba. Unaanza na vitanzi vinne, unavifunga vinakuwa pete ndogo. Ndani ya pete unasimamisha nguzo tatu za uzi, unaacha nafasi, tatu tena, mpaka pembe nne zinatokea. Halafu unashika rangi nyingine unazunguka tena, na kila ukizunguka kipande kinakua. Hakihitaji uzi mrefu. Mabaki yoyote yanatosha. Nilifuma kipande kimoja, nikakifumua, nikakifuma tena. Wiki ya pili mikono ilitulia. Wiki ya tatu nilisikia njaa.

Kisha ukaja mwaka wa malori. Unajua habari za Hali ya Hatari kutoka kwa wakubwa wako, lakini nataka ujue nilichoona mimi. Asubuhi moja askari walikuja wakawapakia Wakikuyu wote wa shamba letu wapelekwe upande wa kwao, hata wale waliozaliwa hapo hapo Molo. Mama Karanja alikuja mbio mpaka mlangoni kwangu, blanketi begani, akanipa ule mfuko na sindano yake ndani.

"Shika, Mama Jerida. Huko ninakopelekwa sijui kama nitapata hata mahali pa kukaa."

Sisi wengine, tuliotoka magharibi mwa nchi, tulisimama kando ya barabara tukitazama. Yeye ndiye aliyenilea kama mtoto mchanga miezi yote ile, na sikumuuliza hata jina la kijiji anakopelekwa. Nilikuwa naogopa kuonekana nikiongea naye. Mpaka leo sijui kama yuko hai.

Walipoondoka, shamba likabaki na maua na bila mikono. Nyapara akapita nyumba kwa nyumba akisema kila mwanamke na kila mtoto anayeweza kubeba kikapu anatakiwa. Ndipo wewe ulipoanza kwenda nami Jumamosi. Tulitoka kabla ya jua, na maua ya pareto yalikuwa na barafu juu yake kama chumvi. Ua lile hukatwa kwa kucha, hivyo huwezi kuvaa glavu za kawaida, na ukienda mikono mitupu vidole vinapasuka. Jumamosi ya tatu ulirudi nyumbani damu imekauka kwenye viungo vya vidole, hukulia, ukajaribu kushika kalamu ufanye hesabu za Jumatatu, ukashindwa.

Jioni ile nilikaa na mfuko wa Mama Karanja nikafikiri. Nilifuma vipande viwili vya mraba vyenye upana wa kiganja chako, kimoja cha kukaa mgongoni mwa mkono na kimoja cha kukaa kiganjani. Nikavishona ubavuni, nikaacha tundu la kidole gumba, na upande wa kifundo nikazungusha mistari sita ya uzi wa kubana. Juu niliacha wazi ili vidole vitoke. Nyekundu katikati, halafu kijivu, halafu ule wa kijani kibichi wa sweta ya bwana mkubwa. Wewe mwenyewe ndiye uliyezipa jina. Uliziita soksi za mikono. Ulilala nazo.

Mpaka hapo sina la kujuta, na ningetaka hadithi iishie hapo.

Wanawake wakaziona. Mmoja akaomba za mtoto wake, mwingine akaleta sweta ya kufumuliwa. Haikupita muda kila mtu alinijua. Nilikuwa yule aliyefiwa, sasa nikawa Mama wa Soksi. Nikipita, watu walinyoosha mikono kunionyesha. Jerida, sijui kama nitaweza kukueleza jinsi hilo lilivyokuwa tamu. Siku nzima nilikuwa na vitanzi vya kuhesabu badala ya kuhesabu miezi ambayo Musa angekuwa nayo.

Siku moja nyapara alisimama mlangoni.

"Mama, wanaofika shambani mapema siku hizi ni wale wenye soksi zako," akasema. "Fuma za watu wote. Kazi yako iwe hiyo, ukae nyumbani. Lakini mistari yako ya maua lazima ichumwe na mtu."

"Mtu gani? Baba Jerida yuko Nakuru."

"Si una msichana?"

"Yuko shule."

Akainua mabega. "Basi rudi shambani wewe. Mimi nimekuuliza tu."

Alinipa siku moja ya kufikiri. Hakunitisha wala hakunilazimisha. Ningeweza kusema hapana, nirudi kuchuma, nifume jioni kama zamani. Lakini nilipofikiria kurudi kwenye mistari ile, kimya kile cha asubuhi, na mawazo yangu, mikono ilianza tena kutetemeka. Nikaogopa. Na mbali na woga, lazima niseme ukweli, nilikuwa naona fahari. Sikutaka kuacha kuwa Mama wa Soksi.

Uliporudi kutoka shule nikakwambia, "Baba yako ameandika barua. Anasema ukae nyumbani kwanza, usaidie shambani."

Ulisimama pale na kibao chako cha kuandikia. Ukasema, "Naomba niisome."

Nikasema, "Nimewashia moto."

Ukafikiri. Halafu ukauliza, "Mimi hajaniandikia hata neno moja?"

Nikasema hapana. Hakukuwa na barua, Jerida. Baba yako hakuandika, hakusema, hakujua. Ni mimi niliyekutoa shule, nikalitumia jina lake, kwa sababu yeye alikuwa mbali na uso wake hukuuona.

Sasa nimeliandika. Nilidhani mkono ungekataa.

Mwisho wa mwezi alikuja. Alikukuta kwenye mlango umefunga kikapu kiunoni, siku ya shule. Akanivuta nyuma ya nyumba, kando ya rundo la kuni.

"Huyu mtoto mbona hayuko shule?"

"Ni kwa muda tu. Msimu ukiisha atarudi."

"Nani amesema?"

Nikatazama chini. "Nimemwambia ni wewe."

Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Mwishowe akasema, "Kesho anarudi. Nitampeleka mwenyewe."

Nikaanza kulia. Nikamwambia, ukimwambia kuwa nilimdanganya, nitabaki na nini mimi? Mmoja nimezika, huyu naye ataniona mwongo. Nikamshika shati. Nilisema mengi ambayo siyaandiki.

Ndipo tulipoingia ndani, nawe ukasimama mbele yake. Hukumsalimia. Ulimuuliza, "Baba, ni kweli umesema niache shule?"

Akanitazama mimi, juu ya kichwa chako. Nilikuwa mlangoni. Sikutikisa kichwa wala sikufungua mdomo.

Akasema, "Ndiyo. Kwa muda kidogo."

Ukamgeuzia mgongo ukaenda kumwaga maua yako. Tangu siku hiyo hujamwita Baba. Umemwita "mzee", umemwita "yeye", na ukimpa chai unaiweka mezani badala ya kumpa mkononi. Haya yote nimeyaona. Nimekuwa nikiyaona miaka yote hii, na kila mara nilijiambia nitasema kesho.

Muda kidogo ukawa mwaka mmoja na nusu. Kila mwisho wa mwezi alinong'ona, "Mama Jerida, imetosha sasa," nami nikajibu, msimu ukiisha. Pareto, unajua, humaliza msimu mmoja ukiwa mlangoni mwa mwingine. Mwalimu wako alikuja mara moja kukuulizia. Nilimwambia una homa, na ulikuwa umbali wa kuita tu, kwenye maua. Jioni ulikuwa ukisoma vipande vya gazeti vilivyofungiwa sukari, ukiviweka chini ya mkeka. Nilikuwa nikifagia navikuta, navirudisha pale pale.

Kuna siku moja nataka uijue. Soksi zako za kwanza zilikuwa zimekubana, nikakuita nikupime mpya. Nilikiweka kipande cha mraba juu ya kiganja chako, kikawa kifupi. Mkono wako ulikuwa umekua, na ngozi yake ilikuwa ngumu kama ya mtu mzima. Unajua nilifanya nini? Nilichukua uzi nikazungusha mstari mmoja zaidi ukingoni, kipande kikatosha. Nikafurahi kwamba kimetosha. Nilikuwa na mkono wa mtoto wangu mbele ya macho, nikaona uzi.

Watu walinisifu kwamba ni mama mwenye huruma, tazama alivyomvika bintiye asisikie baridi. Na kweli nilikupenda katika kila kitanzi. Lakini soksi zile ndizo zilizokuwezesha kuchuma. Bila hizo vidole vyako vingeshindwa, na ningelazimika kukurudisha shule au kurudi shambani mwenyewe. Nimelifikiri hili mpaka nimechoka. Nilikutunza vizuri ili uendelee kubaki mahali ambapo hukupaswa kuwa.

Memsabu naye akazipenda. Alichagua jozi kumi na mbili, akasema atazipeleka kwenye maonyesho ya wakulima hapa Nakuru, nami niende nizisimamie. Nilipanda nyuma ya gari lake pamoja na madebe ya siagi. Wewe ulibaki na mistari miwili ya kuchuma, yangu na yako.

Waliziweka kwenye meza ndefu kati ya jemu na mikate. Juu kabisa waliweka jozi yako ya zamani, ile ndogo, nyekundu na kijivu na kijani, kwa sababu ndiyo iliyopendeza kuliko zote. Saa nne wakapita watu wakiandika kwenye karatasi, na saa tano wakabandika utepe mwekundu wa ushindi kwenye soksi zangu. Nilisimama nyuma ya meza ile nimevaa kitambaa kipya kichwani. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, na haikuchukua muda.

Alikuja mwalimu mmoja, mama Mwafrika aliyevaa gauni la kijivu, amewapanga wanafunzi wake wasichana wawili wawili. Akasimama mezani kwangu.

"Mama, kazi safi. Mbona hazina vidole?"

"Ni za kuchumia pareto, mwalimu. Ua hukatwa kwa kucha."

"Ahaa." Akainua ile jozi ndogo, akamwita msichana mmoja aliyekuwa karibu, akamvisha. Zilimkaa sawasawa. "Na hizi ndogo ni za nani?"

"Za binti yangu."

"Ana miaka mingapi?"

"Anakaribia kumi na miwili."

"Kama huyu, basi. Leo wamekuja wanafunzi wa kila mahali. Wako naye amekuja na walimu wake?"

"Hapana."

"Yuko wapi?"

"Yuko kazini," nikasema.

Nililisikia neno likitoka mdomoni mwangu, na lilikuwa neno la mtu mwingine. Yule msichana alikuwa bado amenyoosha mikono, sare yake imepigwa pasi, vidole vimetoka nje ya soksi zako, laini, na kwenye kidole cha kati kulikuwa na doa la wino. Alitazama mikono yake, halafu akanitazama mimi. Mwalimu alimvua zile soksi taratibu, akaziweka mahali pake, akazilaza moja juu ya nyingine.

"Kazi safi, mama," akarudia, lakini kwa sauti nyingine, nao wakaendelea na safari yao.

Nikaiacha meza. Memsabu alikasirika baadaye, lakini wakati ule sikumuaga hata mtu mmoja. Nilitembea kutoka pale mpaka landhi ya reli nikiuliza njia, nikamkuta baba yako ameketi kwenye kitanda chake akishona kifungo. Wenzake wakatoka kwa heshima. Nikamwambia, "Imetosha." Hakuniuliza ni nini kilichotosha. Alikata uzi kwa meno, akasema, "Jumatatu?" Nikasema, "Jumatatu."

Niliporudi Molo nikakuambia Jumatatu unarudi shule. Na wewe, mwanangu, uliniruka shingoni ukapiga kelele, "Mama! Umemshinda! Umemshinda!"

Hapo ndipo nilipopata nafasi ya pili ya kusema kweli, na ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Nilikukumbatia nikanyamaza.

Nilikwenda kwa nyapara nikamwambia soksi za watoto sifumi tena, za watu wazima tu. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Wiki ile ile mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka saba, akaninyooshea mikono yake iliyopasuka bila kusema lolote. Watoto wale hawakutoka shambani kwa sababu mimi nimetubu. Walibaki pale pale, sasa bila kitu mikononi. Kwa hiyo nikarudi kufuma, kila jozi ndogo niliyoombwa, mpaka tulipohama. Sijui mpaka leo ni lipi lililokuwa sawa. Labda wewe utakayekuwa umesoma utajua.

Tulihama kwa sababu bila mkono wako kwenye maua hatukuwa na haki ya nyumba. Baba yako akatutafutia chumba hiki Bondeni. Yaliyofuata unayajua, lakini hujayaona kutoka upande niliokaa mimi. Daftari mpya zilizokuwa zikitokea mezani kila mwanzo wa muhula, ulidhani ni mimi. Barua yako ya chuo ilipofika, uliisoma kwa sauti jikoni, nikakuomba umpelekee baba yako aliyekuwa nje akigongelea mguu wa kiti. Ukasema, "Msomee mwenyewe, mama. Mimi sina la kumwambia." Nyundo ilikuwa imenyamaza tangu mstari wa kwanza. Halafu tukamsikia akisema nje, peke yake, "Nimesikia. Ni vizuri sana," na akaanza kugonga tena.

Nilimuuliza usiku ule kwa nini hajawahi kukwambia. Nilidhani atasema kwa ajili ya heshima yangu. Akasema, "Siku ile nilipokuja, nilikukuta umepika, umekula, na unacheka. Tangu tumzike Musa ilikuwa mara ya kwanza. Nikaogopa kukurudisha kule."

"Na baadaye? Nilipokuwa nimepona?"

"Baadaye mtoto alikuwa ameshanichukia. Msichana akimchukia baba, bado ana mtu wa kumkimbilia. Akimchukia mama, aende wapi?"

Ndivyo alivyofikiri. Simtetei kwa kila jambo. Angeweza kusimama imara siku ile nyuma ya nyumba, na yeye mwenyewe anasema alikosea. Lakini kosa lake alilifanya kwa kutusitiri mimi na wewe, na langu nililifanya kwa kujisitiri mwenyewe.

Utakuwa mwalimu. Utasimama asubuhi uite majina, na kuna siku jina litaitwa na hakuna atakayejibu. Mama atakuja kukwambia ni homa. Nakuomba siku hiyo uende mwenyewe, ufike mpaka mlangoni, na usiondoke mara moja. Yule mwalimu wako alinishukuru akaondoka, na mimi nilikuwa karibu kabisa kumwambia kweli. Kama angekaa tu, akakubali kikombe cha chai, ningemwambia. Na yule mama usimdharau. Huenda kuna kitu kimemshinda kukisema.

Kuhusu mimi, fanya utakavyoona. Ukikasirika, kasirika. Usipoandika barua muhula mzima nitajua ni kwa nini, na sitamtuma shangazi akubembeleze. Ningependa unisamehe, lakini si leo wala si kwa haraka ya safari. Kwa baba yako ndiko nina haraka.

Nitakupa barua hii kituoni, treni ikianza kuondoka, kwa maana sina ujasiri wa kukutazama ukiisoma. Kuna jambo alilonikataza kukuambia, na hili ni katazo lake la kwanza ninalolivunja kwa moyo mweupe. Ameomba ruhusa kazini. Amekata tiketi ya treni hiyo hiyo, behewa la mwisho, mpaka Kisumu. Hana nia ya kukusumbua. Amesema atakaa huko nyuma, akuone umeshuka salama, umepokewa na watu wa chuo, kisha ageuze na treni ya kurudi.

Mpaka Molo ni mwendo mrefu wa kupanda, na pale treni husimama muda mrefu kidogo injini inywe maji. Shuka, Jerida. Tembea kando ya mabehewa mpaka la mwisho. Atakuwa ameketi dirishani, upande ambao hauonekani kutoka kwako, na atashtuka, pengine atakuomba radhi kwa kukufuata. Usimwache amalize. Mwite Baba, umwambie aje akae nawe.

Mimi mama yako,
Dorika